Nimemwona kwa Macho Yangu
Sehemu ya saba

Mliniacha benchi la tatu, kofia mapajani, jasho likinitiririka mgongoni kana kwamba anayeshtakiwa ni mimi. Jaji Stallworth alikuwa ameuliza swali moja tu, na lilikuwa fupi.

"Bwana Crutchfield, ni nani aliyekuambia kwamba Lasseter yumo ndani ya nyumba ile?"

Na Odell Crutchfield, mzee aliyenifundisha kazi, akageuka pale kizimbani. Akawapita wenzetu wote kwa macho, kichwa kwa kichwa, mpaka akafika kwangu. Akasimama hapo.

Haya, nikajisemea, Hollis Teague, leo ndiyo leo. Nikajiandaa kuinuka.

Odell akamrudia jaji.

"Hakuna aliyeniambia, Mheshimiwa. Nilikuwa peke yangu. Nilimwona mwenyewe."

Mkono wake wa kulia ulikuwa umetoka kuapa dakika tano zilizopita. Mzee wa miaka sitini na tatu, shemasi wa kanisa, mtu anayerudi dukani akizidishiwa chenji, alidanganya chini ya kiapo bila kupepesa jicho. Na mimi nikabaki nimekaa.

Kama leo ndiyo mara yako ya kwanza kushika gazeti hili, nitakupa habari kwa haraka, na sitajitetea.

Sisi ni wasaka watoro. Mtu akikamatwa hapa Callis Ferry, mtu wa dhamana anamsainia kwamba atarudi mahakamani. Akiruka dhamana, yaani asirudi, sisi tunapewa karatasi yenye jina lake, tunakwenda kumleta. Ofisi za dhamana zote ziko mtaa mmoja, mkabala na jela, na wenyewe wanachukiana wakati wa kugombea wateja. Lakini mlangoni kwa mtoro hakuna ofisi ya huyu wala ya yule. Kila mmoja ana mgongo, na mgongo unahitaji mtu wa kuulinda.

Ndiyo maana tuna sheria moja ambayo haikuandikwa popote. Mwenzako akikaa kulinda nyumba, kisha akakwambia "nimemwona", humuulizi mara ya pili. Humuulizi mtoro kavaa nini. Humuulizi kama ana hakika. Ukiuliza umemtukana, na hakuna atakayefuatana nawe tena. Unavunja mlango kwa neno lake, kesho naye atavunja kwa neno lako.

Alhamisi ile ya Julai nililinda nyumba moja Mtaa wa Persimmon tangu saa sita mchana. Mtoro wetu aliitwa Ricky Lasseter, na karatasi ilisema anaishi pale. Joto lilikuwa la kuchemsha ubongo. Nilikula karanga za kuchemsha mfuko mzima, nikasinzia ndani ya pikapu. Bibi mmoja alitokea nyuma ya ua wa miti, akagonga kioo, akanipa glasi ya chai ya barafu. Nilidhani katoka nyumba ya jirani. Nikanywa, nikamshukuru, nikasinzia tena.

Saa kumi Odell akaja, akainama dirishani.

"Umemwona?"

Ningesema tu, "Nilisinzia, Mzee." Angenicheka, angeniita mtoto mchanga, tungerudi kesho yake. Lakini nina miaka arobaini na moja, na nilionea haya mate yaliyokauka kidevuni.

"Nimemwona kwa macho yangu," nikasema. "Kaingia saa nane."

Hakuuliza mara ya pili. Alivunja mlango, na nyuma ya mlango alikuwa bibi yule yule, Bi Ottie Beasley, mpishi mstaafu wa shule, aliyekuwa anakuja kuufungua. Mkono wake ulivunjika mahali pawili. Lasseter alikuwa amehama pale tangu masika, na wiki tatu baadaye mahakama ikakaa kuamua kama Odell abaki na leseni yake ya kusaka.

Basi. Sasa mnajua ninachokijua mimi, na mnajua nilivyo.

Jaji Stallworth akaandika kitu, akavua miwani.

"Peke yako," akasema.

"Peke yangu, Mheshimiwa."

"Bwana Crutchfield, katika miaka thelathini ya kazi hujawahi kukosea nyumba hata mara moja."

"Macho yanazeeka, Mheshimiwa."

Watu wakacheka kidogo. Jaji hakucheka. Akatupa mapumziko ya robo saa, akatoka.

Korido ikajaa kofia na mabuti. Siku ile ofisi zote zilikuwa zimefungwa ili tuje kumsimamia Odell. Watu waliokuwa wakipitana barabarani bila salamu walikuwa wanagawana tumbaku. Dub Purvis, anayefanya kazi kwa washindani wetu wakubwa, alinipiga kofi la mgongo lililonitoa pumzi.

"Teague! Shati la pasi leo? Nilidhani ni mchungaji!"

"Niache, Dub."

"Hapana, nasema kweli, bwana. Umekaa mbele pale, mzee anakuona. Hivyo ndivyo mtu anavyosimama na mwenzake. Mimi nikipata matatizo nataka mtu mmoja tu wa namna yako."

Wengine wakaitikia. Mmoja akanipa mkono. Nikaupokea. Nikasema naenda kunywa maji.

Odell alikuwa hapo kwenye bomba, anajipangusa ndevu.

"Mzee, nasimama," nikamwambia. "Tukirudi tu ndani, nasimama nasema."

"Punguza sauti."

"Siwezi kukaa pale nawe unabeba..."

"Hollis." Akanishika kiwiko. "Nisikilize, mwanangu. Nusu saa iliyopita ungesema, ungekuwa umeniokoa. Sasa nimeshaapa na nimeshadanganya. Ukisema kweli sasa hivi, huniokoi, unanitia jela. Umenielewa?"

Nikafungua bomba, nikalifunga.

"Wataninyang'anya kazi tu," akasema. "Basi nitakwenda kuvua samaki. Magoti yangu yanalia nikipanda ngazi tatu. Wewe una miaka ishirini mbele yako."

"Kwa nini hukunitaja?"

"Kwa sababu hukujitaja."

Alisema bila hasira. Nilitamani anitukane, anizabe kofi mbele ya watu wote. Alinirekebisha kola ya shati, akaenda zake.

Nikanywa maji ambayo sikuyataka. Ndugu msomaji, usije ukadhani nilikuwa napambana na dhamiri pale bombani. Nilikuwa nimefarijika. Odell alikuwa amenipa sababu nzuri ya kunyamaza, na nikaipokea kwa mikono miwili. Hilo ndilo linaloniuma mpaka leo kuliko mlango wenyewe.

Tuliporudi ndani, karani akamwita Bi Ottie Beasley.

Aliingia na kofia ya kanisani, mkono umefungwa kwa kitambaa shingoni, miwani mpya kubwa kupita uso wake. Wasakaji wote wakasimama bila kuambiwa. Akatutazama.

"Kaeni, kaeni. Nyote mnapita milangoni kwa taabu, ndiyo maana mnaivunja."

Hata Odell alitabasamu.

Jaji akamuuliza kama ana la kusema kabla hajatoa uamuzi.

"Nina swali, Mheshimiwa," Bi Beasley akasema. "Huyu bwana amekuja hospitali mara nne. Ameniomba radhi, ameniwekea mlango mpya, mzuri kuliko wa kwanza. Sina ugomvi naye. Nataka tu kujua habari za yule mwingine."

"Mwingine yupi, Bi Beasley?"

"Yule kijana wa pikapu ya kijivu. Alikaa mbele ya nyumba yangu mchana kutwa, amelala, mdomo wazi. Nilidhani anaumwa, maana jua lilikuwa kali. Nikampelekea chai."

Karani akaacha kuandika. Nikasikia feni ya dari inavyolalamika.

"Bwana Crutchfield," jaji akasema taratibu, "gari lako ni la rangi gani?"

"Jekundu, Mheshimiwa."

"Na ulikuwa peke yako."

"Ndiyo."

"Bi Beasley, ukimwona kijana huyo utamjua?"

"Nilimpa chai kwa mkono wangu. Wakati huo nilikuwa nayo yote miwili."

"Tazama humu ndani, kama yupo."

Akaanza kutembea katikati ya mabenchi, polepole, akisimama kwa kila mtu. Nilitazama kofia yangu. Nikahesabu mishono ya ukingo wake.

Hapo ndipo Dub Purvis akasimama, futi sita na nusu za mtu mzima.

"Ni mimi, Mheshimiwa."

Jaji akamkazia macho. "Wewe?"

"Mimi. Nalala popote. Muulize mke wangu."

Akasimama wa pili, benchi la nyuma. "Anadanganya, Mheshimiwa. Ni mimi."

Na wa tatu. Na wa nne. Wakawa wanainuka mmoja mmoja, watu wa ofisi hii na ofisi ile, watu ambao mwezi uliopita nusura wapigane kugombea mteja kwenye ngazi za mahakama hiyo hiyo. "Mimi." "Hapana, ni mimi." Hawakujua ni nani wanayemficha. Walijua tu kwamba Odell anamficha mtu, na hilo liliwatosha.

Jaji akagonga nyundo mpaka karani akaziba masikio.

Kumi na watatu walikuwa wamesimama. Mmoja tu alikuwa amekaa.

Nilijaribu kuinuka, Mungu shahidi wangu. Miguu ilikataa. Nikaona viatu vyeusi vya Bi Beasley vimefika mbele ya viatu vyangu.

"Ninyi vijana mnanichosha," akawaambia wale waliosimama. Kisha akaniinamia mimi. "Uliondoka na glasi yangu, mwanangu."

Ilikuwa bado ndani ya pikapu, chini ya kiti. Wiki tatu nilikuwa naiona kila nikifungua mlango, nasogeza kitambaa juu yake.

Nikasimama.

"Ni mimi, Mheshimiwa," nikasema. Sauti ilitoka ndogo, nikalazimika kurudia. "Ni mimi, Hollis Teague. Nililala. Odell aliponiuliza kama nimemwona mtoro, nilisema nimemwona. Sikumwona. Yeye alivunja mlango kwa neno langu."

"Kaa chini, Hollis!" Odell akafoka. Sijawahi kumsikia akifoka kabla ya siku ile.

"Hakuwa peke yake. Nilikuwa nyuma yake mlango ulipofunguka."

"Kaa chini, mjinga wewe!"

Jaji hakugonga nyundo. Alingoja mpaka pakawa kimya penyewe.

"Bwana Crutchfield, leo asubuhi uliweka mkono juu ya Biblia mbele yangu."

"Niliweka, Mheshimiwa."

"Anachosema huyu ni kweli?"

Odell akautazama mkono wake wa kulia. "Ni kweli."

"Basi unanilazimisha, na ninakuchukia kwa kunilazimisha," jaji akasema, na niliamini kwamba anamaanisha. "Nimefanya kazi na wewe tangu nikiwa wakili mdogo. Kusema uwongo chini ya kiapo katika mahakama yangu ni kosa la jinai, nami siwezi kujifanya sikusikia. Afisa, mchukue. Kuhusu leseni yake, hana tena."

Afisa wa mahakama alikuwa kijana ambaye Odell alimwombea kazi ile. Akatoa pingu, akazitazama, akazirudisha kiunoni.

"Twende tu, Mzee," akasema.

"Zitoe pingu hizo," Odell akamwambia. "Nivalishe. Fanya kazi yako kama inavyotakiwa."

Akanyoosha mikono mwenyewe. Pingu zikalia.

"Na mimi?" nikauliza.

Jaji Stallworth alikuwa anakusanya karatasi zake. Alinitazama kwa jinsi mtu anavyotazama tope alilolikanyaga.

"Wewe hukuapa, Bwana Teague. Kumdanganya rafiki yako barabarani si kosa katika kaunti hii. Leseni yako nitaishughulikia wiki ijayo. Leo sitaki kukuona."

Nilitoka koridoni. Wale kumi na watatu walikuwa wamejipanga ukutani. Hakuna aliyenitukana, maana kutukanwa nako ni kuhesabiwa kuwa mtu. Yule aliyenipa mkono wakati wa mapumziko alikuwa anaufuta kwenye suruali, nadhani bila kujua kwamba anaufuta.

"Dub," nikasema.

Dub akatema tumbaku kwenye kikombe. "Nilisimama kwa ajili yako, Teague. Nilisema mbele ya jaji kwamba ni mimi, na wewe umekaa chini yangu pale, unanitazama."

"Sikuweza kusimama."

"Niliona," akasema, akageuza kisogo.

Sasa kumbuka kwamba tulikuwa kwenye korido iliyojaa watu wa dhamana. Kabla Odell hajafika chini kwenye mahabusu, walikuwa wanagombana nani amsainie. Aliyeshinda ni Bi Jewel Ransom, mama wa miaka sabini, nywele zimepakwa rangi ya shaba, mtu wa dhamana mkongwe kuliko wote pale mtaani. Hakuna anayembishia.

"Odell ameniletea watoro wangu miaka thelathini na moja," akasema. "Namsainia mimi. Atakayebisha aje nyumbani anibishie mbele ya mbwa wangu."

Jaji akakubali dhamana, kwa sharti moja: Odell arudi saa tisa kamili kusomewa shitaka. Na kwa kuwa alikuwa ameshadanganywa mara moja siku ile, akaongeza jambo. Odell asipokuwa ameonekana hadi mahakama inafungwa saa kumi na moja, jina la Bi Jewel litafutwa kwenye orodha ya wanaoruhusiwa kuweka dhamana Callis Ferry, na halitarudi.

"Andika," Bi Jewel akamwambia karani. "Andika kwa wino mzito. Huyu ni Odell."

Odell akatoka saa saba. Nilimwona kwa mbali, juu ya ngazi, anajisugua vifundo vya mikono. Wenzetu wakamzunguka. Hakuna aliyesema "nitakusindikiza", na hiyo nayo ni heshima yetu. Mtu wetu akiwa nje kwa dhamana hatumfuati, hatumchungulii, hatumuulizi anaenda kula wapi. Kumfuata ni kumwambia unamwona kama mtoro.

Walimwacha aende peke yake. Alipita karibu na pikapu yangu nilikokuwa nimejificha, ndiyo, nimejificha, akagonga boneti mara mbili kwa vidole, akaendelea na safari yake. Sikushusha kioo.

Saa tisa karani akaita jina lake.

Akaita mara ya pili.

Mara ya tatu akatoka hadi mlangoni akaita koridoni kwa sauti kubwa, akidhani labda mzee kakaa nje. Tukatazamana. Nami nilikuwa pale, mwisho kabisa, karibu na choo, maana pa kwenda sikuwa napo.

"Kachelewa tu," mtu akasema.

"Odell?" Dub akasema. "Odell anafika kanisani kabla ya mchungaji."

Ikafika saa tisa na nusu. Mtu akaenda nyumbani kwake na kurudi anahema. Gari jekundu halipo. Mlango umefungwa. Mbwa amewekewa chakula cha siku mbili.

Hapo hakuna aliyesema kachelewa.

Jaji akatia saini amri ya kumkamata, na karani akamkabidhi Bi Jewel nakala ya dhamana. Ni karatasi ile ile tunayopewa kila wiki, yenye muhuri mwekundu. Niliwahi kushika mamia. Ile niliogopa hata kuitazama.

Bi Jewel akasimama katikati ya korido, karatasi mkononi. Hakupaza sauti.

"Nina saa moja na nusu," akasema. "Nani anakwenda kumleta?"

Watu wakaanza kutazama saa ya ukutani.

"Dub?"

"Nisamehe, mama. Mwingine yeyote. Si huyo."

"Ninyi wengine?"

Wanaume wale, waliokwisha kuruka madirisha na kung'atwa na mbwa, walitazama mabuti yao. Mmoja alikuwa analia bila kuficha. Walimpenda Bi Jewel, na walijua kwamba akifutwa leo hana tena kazi duniani. Lakini kumfunga Odell kwa mikono yao wenyewe, hapana. Alikuwa amewafundisha nusu yao kazi.

Bi Jewel akatikisa kichwa. Kisha akaanza kutembea, na wenzangu wakampisha, na nikaona kwamba anakuja upande wangu.

"Shika," akasema.

"Bi Jewel, mimi siwezi. Baada ya niliyomfanyia..."

"Sikuombi kwa sababu wewe ni hodari." Macho yake yalikuwa mekundu. "Hawa hawaendi kwa sababu wana heshima yao, na wanaogopa kuipoteza. Wewe huna ya kupoteza. Shika karatasi."

Nikaishika.

Ningependa kuwaambia kwamba nilisema neno la kiume. Nilisema, "Ndiyo, mama," kama mtoto aliyetumwa dukani, huku watu kumi na watatu wananitazama.

"Isome," akasema. "Jifanye bado ni msakaji."

Kwenye fomu ya dhamana kuna mstari mmoja ambao sisi tunausoma kabla hata ya jina la mtoro. Unauliza: ukikosekana, tuanzie kwa nani? Watu wanaujaza bila kufikiri, wengi wanamwandika mama yao au mwanamke wao, na wengi wanakutwa huko huko, chini ya kitanda. Odell alinieleza jambo hilo wiki yangu ya kwanza kazini. Hakuna mtu Callis Ferry aliyejua maana ya mstari ule kuliko yeye.

Mwandiko ulikuwa wake, herufi zimesimama wima. Alikuwa ameandika saa saba mchana, baada ya yote.

Hollis Teague. Na chini yake anwani yangu, na namba ya simu ya nyumbani kwangu.

Nilisoma mara mbili. Nimeshamtia aibu, nimeshamtia jela, na mtu alipomuuliza nani wako, akaniandika mimi.

"Umeona?" Bi Jewel akasema. "Nilidhani amekosea. Nikamuuliza kama ana hakika. Akaniambia niache kumtukana."

"Naishi peke yangu, mama. Hakuna mtu pale."

"Piga."

Simu ya ukutani ilikuwa hatua tano kutoka pale. Nikatia sarafu. Nikakosea namba, nikaanza upya. Nyuma yangu buti halikusogea.

Ikaita. Niliiona simu yangu mezani jikoni, karibu na sahani ya jana. Ikaita mara ya pili na ya tatu. Nikashukuru Mungu, nikawa nataka kuirudisha.

Mara ya nne ikapokelewa.

Hakusema kitu. Lakini nimekaa na mtu huyo ndani ya gari moja kwa miaka kumi na minne, tukilinda nyumba za watu, hatuongei kwa saa tatu, saa nne. Najua anavyovuta pumzi puani. Najua anavyokohoa kidogo kabla ya kusema jambo zito.

Akakohoa kidogo.

"Hollis," akasema, kwa sauti ya chini sana. "Nipe mpaka kesho asubuhi. Nimempata Lasseter."

Kesho asubuhi. Saa ya ukutani juu ya kichwa changu ilisema saa kumi kasoro dakika tano. Kwa saa moja na dakika tano Bi Jewel alikuwa bado na jina.

Nikahisi mkono wake begani, mwepesi, wa mtu mzee.

"Kuna mtu?" akaniuliza.

Nikageuka. Alikuwa ananitazama usoni, naye ni mmoja wetu, kwa hiyo alitaka neno moja tu na hangeuliza mara ya pili.

Nikasema hakuna mtu.